Fomu za Kesho

Basi lililolala gereji usiku kucha halirudi nyuma kilomita mia moja sabini na mbili. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini Inspekta Demetria Haule alihitaji siku tatu nzima kuliona, na alipoliona, Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, stepla alikuwa nayo mkononi na jalada lilikuwa tayari kwenda mahakamani.

Mbele yake karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu ya ukaguzi wa asubuhi ya Wakala wa Mabasi Mwambao, basi namba 47, tarehe ya Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Breki nzuri. Mipira ya mafuta ya breki mizima. Kilomita 118,240. Chini saini mbili, ya msimamizi wa gereji na ya dereva. Karatasi ya pili ilikuwa nakala ya daftari la pampu, linaloonyesha basi hilohilo lilijazwa dizeli Alhamisi saa tatu usiku likisoma kilomita 118,412. Yaani usiku lilikuwa na nyingi, alfajiri likawa na chache. Loo! Na karatasi zote mbili alizikusanya mwenyewe, akazigonga muhuri mwenyewe.

Ijumaa hiyo, saa kumi na mbili kasoro robo, basi 47 lilikosa breki kwenye mteremko wa Buza, likapanda kituo cha abiria na kumuua Mwalimu Adelina, mama wa watoto watatu aliyekuwa anawahi shuleni. Mkaguzi wa magari wa polisi aliandika kwamba mpira wa mafuta ya breki ulisuguliwa na tairi mpaka ukatoboka, na msuguano ule ulikuwa wa saa nyingi. Demetria akapiga hesabu ya harakaharaka. Mpira ulishaliwa, dereva amesaini alfajiri kuwa ni mzima, kwa hiyo dereva hakukagua, kasaini uongo na kuingia barabarani. Akamfunga pingu palepale, mbele ya abiria. Saa nane mchana wa leo dereva huyo, Mwishehe, mzee wa miaka hamsini na nane, angesomewa shitaka la kusababisha kifo, na wakili wa serikali alishasema dhamana ataipinga kwa nguvu zote.

Nje, kwenye benchi la kaunta, mke wa dereva alikuwa ameshafika na chupa yake ya chai na vidonge vya kisukari vya mumewe. Mama Mfaume hakukosa hata asubuhi moja. Ijumaa Demetria alimwambia, kwa ule ubaridi wa mtu aliyemaliza kazi, "Mama, kesi hii imekwisha, usihangaike hata kutafuta wakili." Leo alipita mbele yake bila kumtazama usoni.

"Yazid," alimwita koplo wake, "nitolee Mwishehe."

"Afande, si jalada limefungwa?"

"Nimelifungua."

Mzee aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, pekupeku, suruali kaishikilia kwa mkono maana mkanda ulibaki kaunta. Demetria alisimama.

"Shikamoo, mzee."

Mwishehe alimkodolea macho. Ijumaa hakuna aliyemwamkia. "Marahaba," alijibu kwa wasiwasi, kama anayehofia kwamba salamu ile ina la zaidi.

"Hii fomu. Saini hii ni yako?"

"Yangu. Si nilishasema tangu siku ile? Mie nilisaini, sikatai."

"Ulisaini lini?"

"Alhamisi. Saa nne saa tano hivi za asubuhi."

Yazid aliyekuwa anaandika alisimamisha kalamu. Demetria alijilazimisha kuongea polepole. "Mzee, fomu imeandikwa Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini alfajiri."

"Ndiyo. Si tulizilaza."

"Mlizilaza?"

"Fomu, afande. Zinalazwaga." Mzee alimshangaa, utadhani kaulizwa chai inanywewa kwenye nini. "Ukirudi gereji saa nne, msongamano umeisha, fundi anazunguka gari, anachungulia chini, mnajaza fomu ya kesho, mnasaini, inalala kabatini. Asubuhi unachukua funguo unaondoka. Sie tulipewa gari nyingi, mafundi wawili. Alfajiri ukianza kukagua moja moja, gari ya mwisho itatoka saa mbili."

"Na Alhamisi saa nne, mpira ule ulikuwa mzima?"

"Mzima wallahi! Niliinama mwenyewe nikauona. Halafu gari akaishika mwenzangu wa zamu ya mchana, kazunguka nayo mpaka usiku. Nilikuja kuikuta alfajiri na giza lake, nikapiga breki mara mbili getini, ikashika. Getini pale tambarare, afande. Buza si tambarare."

"Kwa nini hukuniambia haya yote Ijumaa?"

Mwishehe aliipandisha suruali. Hakuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililomuumiza Demetria zaidi. "Uliniuliza nilisaini au sikusaini. Nikajibu nilisaini. Hukuniuliza siku. Nilidhani unajua, maana kila mtu anajua."

Demetria alimpa Yazid ishara amrudishe. Miaka kumi na tisa ya kazi, na swali la kwanza wanalofundishwa vijana chuoni, lini, alikuwa hajaliuliza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Saa nne kamili walikuwa gereji ya Mwambao, Mbagala. Demetria alitarajia milango kufungwa, makabati kupotea ufunguo, na watu kuanza kusahau majina yao. Alitaka iwe hivyo. Mtu mwovu angemrahisishia siku.

Maegesho namba 14, lilipolala basi 47, palikuwa pamemwagwa unga wa mbao, mwingi, mbichi. Demetria alichuchumaa, akaukwangua kwa ncha ya kalamu, akakuta doa jeusi linalonata. Alilinusa. Mafuta ya breki.

"Piga picha," alimwambia Yazid. "Hapa kuna mtu alifunika."

Nyuma yao mtu alicheka. Alikuwa Albano, msimamizi wa gereji, mnene, kalamu tatu mfukoni, mwenye saini ya pili kwenye fomu. "Dada yangu Haule wa Songea, tembea uone na kumi na tano. Na kumi na sita. Kila Jumatatu asubuhi tunamwaga unga wa mbao gereji nzima, tusiteleze. Ukitaka kuniweka ndani kwa usafi, mikono hii hapa."

Kweli, gereji nzima ilikuwa ya manjano. Yazid alishusha simu. Demetria alijipangusa magoti, na palepale mabasi ya asubuhi yakaanza kuingia, moja nyuma ya jingine. Fundi alitoka na ubao wa kuandikia. Akainama chini ya basi la kwanza, akamulika tochi, akasoma kilomita, akaandika. Dereva akasaini juu ya boneti. Demetria aliisogelea fomu na kusoma tarehe. Ilikuwa ya kesho, Jumanne, saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Mchana kweupe, mbele ya polisi wawili wenye sare, na hakuna aliyeficha chochote.

"Albano, mnaandika saa ambayo haijafika."

"Tunaandika saa ya safari. Ndivyo fomu inavyotaka."

"Mtu kafa."

Hapo cheko lilimtoka usoni. "Najua kafa. Nimekwenda msibani, nimekaa pale toka asubuhi mpaka jioni, na mke wangu kapika. Usifikiri sie hatuna moyo." Alivua kofia, akaikunja. "Lakini usinitafute mimi, Inspekta. Zamani tulikagua alfajiri. Nikaandika barua makao makuu kwamba mafundi hawatoshi, niongezeeni wanne. Sikuongezewa hata mmoja. Nikaletewa waraka."

"Waraka gani?"

Aliutoa kabatini umewekewa plastiki, maana aliutunza kama cheti cha shule. Ulisema: ukaguzi wa usalama waweza kufanyika wakati wowote ndani ya saa ishirini na nne kabla ya safari, na utahesabiwa kuwa ni wa safari hiyo. Kumbukumbu yake: Kamati ya Usalama, kikao cha tatu, agenda ya saba.

"Mimi natekeleza," alisema Albano. "Aliyeamua yuko Kinondoni."

Demetria aliuomba. Albano akakataa kuuachia, akamruhusu kupiga picha tu. Kwenye gari, Yazid alikuwa anatabasamu kama aliyekwishapata mshahara. "Afande, hii si ndiyo yenyewe? Tunamwonyesha wakili picha, mzee anakwenda nyumbani."

"Picha ya waraka wa gereji? Atasema Albano kauchapa mwenyewe jana. Wakili wa serikali anataka muhtasari wa kikao, wenye muhuri wa bodi. Na saa hizi ni saa tano kasoro. Washa gari."

Walifika makao makuu ya Mwambao, Kinondoni, saa sita na robo. Katibu wa bodi alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, Hamdiya, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kariakoo ambao mjini hapa wana duka tangu enzi za babu wa babu yao. Aliwakaribisha kwa kahawa na halua kabla hajauliza shida yao. Alipomtazama Demetria, alimtazama zaidi ya kawaida kidogo, kisha akainamisha macho kwenye kikombe.

"Nani hapa anaamua mabasi yakaguliwe saa ngapi?" Demetria aliuliza.

"Ukiniuliza hivyo nitakujibu hakuna, na sitakuwa nimekudanganya." Hamdiya aliweka kikombe chini. "Bodi ina wajumbe wawili kutoka kila manispaa, na wa wizara. Kinondoni wakilalamika mabasi ya Temeke yanachelewa kutoka, Temeke wanaona wametukanwa. Ukageuka ushindani. Bodi ikaweka lengo, mabasi tisini na nane kati ya mia yatoke kwa wakati. Mkurugenzi akalipeleka lengo kwa wasimamizi. Wasimamizi wakaomba mafundi. Bodi ikasema mafundi ni suala la utawala. Utawala ukasema ukaguzi ni suala la Kamati ya Usalama. Mwisho wa safari likafika huko."

"Na kamati ikabadilisha saa kwenye karatasi badala ya kuongeza mafundi."

"Ikabadilisha. Iliwachukua dakika nne."

"Nani aliunga mkono?"

Hamdiya alisogeza kikombe pembeni. Alisimama, akafungua kabati la chuma, akarudi na jalada la kijani. Aliligeuza kumwelekea Demetria na kuweka kidole kwenye mstari, bila kuusoma kwa sauti.

*Agenda ya 7. Mjumbe kutoka Ilala alitoa hoja ya ukaguzi wa ndani ya saa ishirini na nne. Mwenyekiti alikumbusha kwamba kwa mujibu wa kanuni, hoja yoyote inayogusa usalama wa abiria haipiti bila kuungwa mkono na mjumbe wa Polisi. Mjumbe wa Polisi aliunga mkono. Hoja ilipita.*

Orodha ya mahudhurio ilikuwa ukurasa wa kwanza. Hoteli moja ya Kunduchi, Machi mwaka jana. Jina la tisa: Insp. D. Haule, Polisi, kwa niaba ya mkuu wake.

Demetria aliweka kidole kwenye jina lake. Alikuwa amekaimu siku moja tu. Bosi alikuwa na safari, akamwambia nenda kakae, kuna posho ndogo na hakuna cha kuamua. Alikumbuka ufuko kupitia dirishani, sahani zikigongana chumba cha pili, alikumbuka mkono wake ukinyanyuka. Agenda yenyewe hakuikumbuka hata kidogo. Miezi yote hii hakuwahi kuiwaza, sembuse kuitubia.

Yazid alisoma begani kwake, akasoma tena. "Afande, hili jina..."

"Nilikutambua ulipoingia mlangoni," Hamdiya alisema. "Nikasema nisubiri aulize. Sikutaka kukuhukumu, mimi mwenyewe ndiye niliyeandika muhtasari, nikauchapa vizuri, nikausambaza. Sikusema kitu. Kila nikifumba macho tangu Ijumaa namwona yule mwalimu, na sijawahi kumwona maishani."

Demetria alitazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika kumi. "Naomba nakala, yenye muhuri."

"Polisi wakiomba nakala, naandika kwa Mkurugenzi, naye anampelekea mwanasheria, naye anarudisha kwa Mwenyekiti. Siku saba, wakiwahi. Kwa Mkurugenzi wa sasa na magazeti yanavyomwandama, sema kumi na nne."

"Mzee anasomewa shitaka saa nane. Akiingia rumande leo, umri ule, na kisukari kile!"

"Najua." Hamdiya alivuta droo, akatoa daftari jembamba na kulifungua ukurasa mtupu. "Kuna kanuni nyingine. Mjumbe aliyehudhuria kikao ana haki ya kupewa nakala ya muhtasari wake siku hiyohiyo, bila kibali cha mtu. Anasaini hapa tu: jina, kikao, alikuwa nani pale. Daftari hili bodi wanalikagua kila mwezi."

Yazid aliinamia sikio la bosi wake na kunong'ona haraka. "Afande, usisaini. Tuombe mahakama iahirishe. Nitasema jalada lina kasoro, nitasema mimi nimepoteza karatasi. Ukisaini hapo umejitia kitanzi, utaondolewa kwenye kesi, na nyota yako..."

"Wakiahirisha analala wapi mzee?"

Yazid alilitazama daftari.

"Analala wapi, Yazid?"

"Rumande."

Demetria aliichukua kalamu. Hakuna ushujaa uliompitia, asikwambie mtu. Kwa dakika nzima alitafuta kwa bidii sababu ya kutosaini. Zilikuja nyingi, na nzuri: watoto wake wawili wanaosoma bweni, kupandishwa cheo kulikosubiriwa Julai, na kwamba walikuwa watu kumi na mmoja kwenye meza ile na si yeye peke yake. Zote zilikuwa kweli. Akaandika: *Demetria Haule. Kikao cha tatu. Mjumbe wa Polisi.*

Muhuri wa Hamdiya uligonga mara tatu.

Mahakamani walifika ikiwa imebaki robo saa. Wakili wa serikali, Fredrick, kijana mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, aliusoma muhtasari amesimama koridoni. Akaichukua fomu, akaichukua nakala ya pampu, akaziweka zote tatu sambamba kwenye ukingo wa dirisha. Uelewa wake ulikuwa wa haraka, na Demetria alishukuru kwa hilo.

"Kwa hiyo alisaini alichokiona, kikiwa kizima kweli. Na kuanzia hapo mpaka ajali gari imetembea kilomita mia sabini na ushei bila mtu kuchungulia, kwa ruhusa."

"Ndiyo."

"Shitaka la uzembe la dereva halina miguu. Silisomi leo. Apewe dhamana aende nyumbani, halafu uchunguzi uanze juu, kwenye kamati." Alifunua ukurasa wa mwisho. "Huyu mjumbe wa Polisi tutamhitaji kwanza. Unamfahamu?"

"Ni mimi."

Fredrick aliinua kichwa. Alisubiri kuona kama ni utani. Halafu alifunga jalada taratibu na kulishika kwa mikono miwili, mbali naye kidogo.

"Basi Inspekta, kuanzia sasa jalada hili huligusi. Wewe ni shahidi, na kama mambo yakienda yanavyoweza kwenda, zaidi ya shahidi. Atakuja mwenzako kukuchukua maelezo. Humu ndani huingii."

Alikaa nje, kwenye benchi la saruji. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu alisikia jina la Mwishehe likiitwa, hakimu akiuliza, Fredrick akijibu, kisha kelele fupi ya watu wanaoambiwa wanyamaze. Mama Mfaume alitoka mbio, kanga imemdondoka begani, akamwona, akaja na kuushika mkono wake kwa miwili ya kwake.

"Mwanangu! Wamesema ni wewe. Wamesema asubuhi yote umezunguka jua hili mpaka ukaipata karatasi. Mungu akuweke, mwanangu, na wanao akuwekee. Mie nilikulaumu, nisamehe."

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Shukrani zilikuwa mlangoni tayari, hakuna aliyezizuia, na Yazid kutoka kwenye gari alikuwa anamwomba kwa macho azipokee tu yaishe.

"Mama, usiniombe msamaha," Demetria alisema. "Ile karatasi ina jina langu. Walipoamua magari yasikaguliwe alfajiri, nilikuwepo. Bila mkono wangu isingepita. Mimi niliunyoosha, na Ijumaa nikaja kumfunga mumeo."

Mama Mfaume hakuachia mkono. Aliendelea kuushika, ila vidole vilikuwa vimelegea, na uso wake ulitafuta kwa muda maana ya maneno aliyoyasikia. Alipoyaelewa hakupiga kelele, hakumlaani. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua.

"Mlikuwa na haraka ya nini, mwanangu?"

Demetria alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi ya kiofisi, lengo, manispaa, kanuni, kukaimu. Hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Chakula cha mchana kilikuwa kimeshapakuliwa," alisema.